Usimpe Shikamoo Mwenye Tonge Mdomoni

Wadogo zangu, mimi nimestaafu. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee. Sina mvi hata moja, nina mtoto mgongoni ambaye meno yenyewe hajaota, lakini kazi ya kuwalisha wazee wagonjwa majumbani nimeiweka chini, na anayeweka chini kazi aliyoijua vizuri ni mstaafu. Pensheni yangu ni maneno. Leo nayatoa yote.

Sikuwa na mpango wa kuandika. Kilichoniwasha ni jambo la wiki iliyopita, hapa hapa Ipagala. Nimekwenda kwa jirani kuazima kinu. Nakuta kaletwa binti mpya kumhudumia babu wa nyumba ile, maana babu alipigwa kiharusi. Babu kalazwa chali. Binti kambana pua kwa vidole viwili, mkono wa pili kashika kijiko cha uji.

"Fungua, babu! Meza! Mbona mkaidi hivyo?"

Macho ya babu yamemtoka kama mtu anayezama. Na kweli alikuwa anazama, jamani, anazama kwenye uji!

Sijui nilivukaje ule mlango. Nilimpokonya binti kijiko, nikampa mtoto wangu amshike, nikamwinua babu akakaa. Akakohoa, akakohoa, uji ukatoka puani. Mwenye nyumba akaja mbio kutoka uani, mikono ina mapovu ya sabuni.

"We Mama Tumaini, umekuja kuazima kinu au umekuja kututawala?"

"Vyote viwili," nikamjibu. "Na kinu nitakuja kukichukua baadaye. Kwanza kaa chini."

Binti wa watu alikuwa analia. Nilimuuliza nani kamfundisha kubana pua, akasema kaambiwa tu kwamba kazi yenyewe ndogo, kumlisha babu na kufua. Ndogo! Hilo ndilo neno linalonipandisha hasira mpaka sasa nikiandika. Wanakuchukua kijijini, wanakukabidhi roho ya mtu na kijiko, wanakwambia kazi ndogo. Basi sikilizeni nyie mnaokabidhiwa vijiko.

Mimi kazi hii nilifundishwa kwa Bibi Yudita, Ihumwa. Nilikuwa nimetoka Hombolo na cheti changu cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekitaka. Mwanawe, Baba Joshua, mtumishi wa wizara, alikuwa anatafuta binti wa kukaa na mama yake aliyetoka hospitali. Nilipoingia mara ya kwanza nilimkuta bibi kakaa kwenye kiti cha kamba, mwembamba, mdomo umepinda kidogo upande wa kushoto, na mpira mwembamba umeingia puani mwake, umebandikwa shavuni kwa plasta. Kwenye mpira ule ndimo maziwa na uji mwepesi vilimopita hadi tumboni. Koo lilikuwa limesahau kazi yake.

Neno la daktari lilikuwa hili, na mkewe Baba Joshua alinieleza siku ile ile: mpira wa puani ni wa muda. Bibi atarudi kliniki kupimwa kumeza. Akifaulu, unatolewa. Akishindwa, watatoboa tumboni waweke mwingine wa kudumu.

Bibi alitusikia. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida, yamelowa lowa, lakini lile alilisema likaeleweka.

"Nitobolewe? Mimi debe?"

Alitaka ugali wa uwele na mlenda. Hilo tu. Ale kwa mdomo wake na kwa mkono wake, basi. Kila nitakachowaambia hapa chini kilikuwa kwa ajili ya tonge hilo moja.

Aliyetufundisha aliitwa dada Rehema. Alikuwa anakuja kutoka hospitali, kazi yake kuwafundisha watu kumeza na kusema upya. Mimi nilidhani kumeza ni kama kupiga chafya, nani anasomea? Siku ya kwanza nikamwambia hivyo hivyo, maana mdomo wangu hauna breki. Akacheka, akaniambia, "Weka kidole kwenye kikoromeo chako. Sasa meza mate."

Nikameza. Kikoromeo kikapanda, kikashuka.

"Umekisikia? Hapo ndipo penye geti."

Halafu akatoka nami hadi barabarani, akanionyesha reli. Mnajua pale barabara inapokatiza reli. "Kooni mwa bibi ndivyo palivyo," akasema. "Njia ya pumzi na njia ya chakula zinakutana. Kila akimeza, geti linatakiwa lishuke upande wa pumzi, chakula kipite, kisha geti lipande. Kiharusi hakijaondoa geti. Kimemfanya mlinzi wa geti awe mzito wa kuamka."

"Na maji?" nikauliza. Kwetu mgonjwa kitu cha kwanza anapewa maji, na uji mwepesi mwepesi usimchoshe.

"Maji ni bodaboda," akasema Rehema. "Yanapita kabla geti halijafungwa. Uji mzito ni lori lenye mzigo. Linakuja polepole, mlinzi anapata muda wa kuamka."

Jamani! Nilisimama pale katikati ya vumbi nikataka kupiga makofi. Mambo yote niliyoyaona tangu utoto yakajipanga. Yule babu yetu wa Hombolo aliyekuwa akinywa maji anapaliwa, sisi tunasema, "Anasemwa huko," halafu tunampiga mgongoni na kumpa maji mengine! Tulikuwa tunamrushia bodaboda juu ya bodaboda. Alikufa kwa kifua, tukasema ni uzee. Uzee gani!

Kwa hiyo la kwanza: mzee akipaliwa, usimpe maji. Mwinamishe mbele, mwache akohoe. Kikohozi ni mlinzi ameamka, usimnyamazishe. Na ukiona mzee hakohoi kabisa lakini kila akila sauti yake inakuwa kama inatoka ndani ya mtungi, hapo ogopa zaidi, maana kuna wanaopaliwa kimya kimya.

La pili ni kukaa. Mgongo wima, miguu imekanyaga chini, na baada ya kula asilale, akae kama nusu saa hivi mkipiga soga. La tatu ni mswaki kabla ya kijiko. Kinywa kichafu kikipeleka mate kifuani kinapeleka na uchafu wake. Mama mmoja aliwahi kuniuliza kwa nini nampiga mswaki mtu asiyekula. Ndiyo maana.

Sasa mazoezi. Haya mazoezi, wadogo zangu, yatawatia aibu kabla hayajawapa faida.

La ulimi ndilo lililonitoa jasho. Rehema alitaka bibi atoe ulimi nje mpaka mwisho, aurudishe, autoe, aupeleke kulia, kushoto, ausukume dhidi ya kijiko. Kwa maneno tu bibi hakulipata zoezi lenyewe, ikabidi mimi nifanye kwanza, yeye aige. Basi asubuhi moja tumekaa ukumbini tunatazamana, mimi nimemtolea bibi ulimi wote, na bibi kanitolea mimi wa kwake, macho tumekodoa. Mlango ukafunguka. Mama Joshua, karudi kuchukua miwani.

"Weee! Unamtolea mama mkwe wangu ulimi?"

Ulimi ukanikwama nje. Kumtolea mkubwa ulimi, kwetu sisi, afadhali umtukane, maana tusi unaweza kusema lilikuponyoka. Nikaanza kueleza huku bado sijaurudisha vizuri. Bibi akageuka, akamtazama mkwe wake, akamtolea na yeye. Kwa makusudi kabisa! Mama Joshua alikaa chini kwenye kochi akacheka hadi akasahau miwani. Tangu siku hiyo kila akitoka kazini alikuwa anapitia pale ukumbini, anauliza, "Leo umenyooka?" na bibi anamwonyesha.

Lile la pili ni kumeza kwa nguvu. Mwambie mzee, "Meza mate kama unameza kidonge kikubwa kichungu." Ajikamue shingo yote. Anapumzika, anarudia. La tatu ni la kulala bila mto na kuinua kichwa tu atazame vidole vya miguu yake, mabega yasinyanyuke. Hilo Rehema alimpima kwanza presha na shingo kabla ya kuliruhusu, na nawaambia msilichukue tu mkampa kila mzee. Hata ile ya kuinamisha kidevu kifuani wakati wa kumeza, kwa bibi ilisaidia sana, lakini Rehema aliniambia kuna ambao inawaharibia. Koo moja si koo lingine. Apimwe kwanza na mwenye kazi yake, halafu wewe ndiye utakayekuwa naye kila siku.

La sauti ndilo lililombadilisha bibi. Alitakiwa kuanza na sauti nene, apande taratibu "iiiiii" mpaka juu kabisa, abaki pale, maana sauti ikipanda na kikoromeo kinapanda. Bibi lilimchosha. Alisema ni mlio wa mbuzi aliyesahauliwa juani. Akagoma. Nikambembeleza, akagoma. Mimi nina hasira za karibu, nikamwambia, "Basi kaa na mpira wako!" nikatoka uani kupepeta uwele.

Redio ya jirani ikapiga ngoma za kwetu. Bibi Yudita enzi zake alikuwa mpiga ngoma, wale akina mama wanaoibana ngoma mapajani na kuipiga huku wanaruka nayo. Nikiwa uani nikasikia kitu ndani. Kimeanza, kimekatika. Kimeanza tena. Nikachungulia. Bibi alikuwa anajaribu kupiga kigelegele!

Kilikuwa kibovu, sikufichi. Kama kuku aliyenyeshewa. Lakini ulimi ulikuwa unakwenda kulia na kushoto wenyewe, na sauti ilikuwa juu kule tulikokuwa tunaitafuta kwa kubembelezana! Nilimpigia Rehema simu hapo hapo, nikamwekea spika asikie. Akasema, "Hicho hakimo kwenye mazoezi yangu. Lakini ulimi ni ulimi. Apige baada ya mazoezi, si badala yake, na asipige hata siku moja akiwa na kitu mdomoni."

Basi nyumba ile ikawa kama ina harusi kila asubuhi. Kijiko, ulimi, kidonge kichungu, "iiii", kigelegele. Majirani walidhani tunamwoza mtu.

Siku zikaenda, Rehema akaridhika, akaturuhusu kuanza uji mzito wa uwele kwa mdomo, vijiko vichache, mpira ukiwa bado upo. Kijiko kidogo cha chai. Kidevu chini. Ameze, ameze tena bila kitu, aseme "aaa" tusikie kama sauti ni kavu. Ikiwa kavu, kijiko kingine. Kijiko cha kwanza bibi alifumba macho, akakaa nacho, akakipeleka. Akasema "aaa" kavu kama jani la mhindi. Mimi na Mama Joshua tulikumbatiana kama tumeona mpira umeingia golini.

Hapa ndipo wakaja akina mama wa kanisani.

Sina ugomvi nao. Walikuja na upendo, na sukari, na zabibu za Hombolo kwenye kapu. Zabibu! Nilizificha chini ya meza hapo hapo, maana zabibu ni duara, inateleza, ina maji ndani na ganda nje, shetani mwenyewe asingeweza kutengeneza kitu kibaya zaidi kwa koo lile. Nikajiona mjanja sana nimeziwahi zabibu. Sikujua hatari yenyewe imeshaingia na viatu vyake.

Bibi alikuwa na kijiko cha uji mdomoni. Wakapanga mstari mlangoni, wakapinda magoti wote kwa pamoja:

"Shikamoo, Bibi!"

Mnafikiri mzee wa kwetu atafanya nini? Ameamkiwa! Toka azaliwe hajawahi kuiacha shikamoo ikaanguka chini. Akainua kichwa, akavuta pumzi, akafungua kinywa.

"Maraha..."

Neno halikuisha. Pumzi aliyoivuta ilikwenda na uji wote. Uso ukabadilika. Na wale akina mama wa watu wakafanya kila kosa nililowaambia: mmoja anapiga mgongo, mmoja anasema, "Anasemwa huyo!", mmoja anapaza sauti, "Mpeni maji!" na kikombe tayari kiko mdomoni mwa bibi. Nilikipiga kikombe kile kikaruka. Maji yakamwagikia mama mchungaji kwenye kitenge chake kipya. Nikamwinamisha bibi mbele, akakohoa hadi machozi.

Baada ya siku mbili homa ikapanda. Kifua. Akarudishwa wodini.

Nilipokuwa nimekaa nje kwenye benchi la hospitali nilikuwa nataka kupigana na mtu, ila sikujua nani. Utapigana na heshima? Daktari alisema akipona watampima tena, na kipimo hicho ndicho kitakachoamua. Hakuna kungoja kingine. Baba Joshua, mtu mpole yule, akasema labda tuache tu watoboe, mama asiteseke. Mama Joshua alinitazama mimi. Mimi nikasema.

"Baba, mazoezi hayajamwangusha bibi. Shikamoo ndiyo imemwangusha."

Aliporudi nyumbani niliweka sheria. Wakati wa kijiko, mlango unafungwa, na mimi nasimama mlangoni. Hakuna shikamoo. Hakuna "mbukwa", maana salamu ya Kigogo hiyo ukiijibu umefungua ukoo mzima, utaulizwa ng'ombe, mvua na watoto wa shangazi. Wageni wakae uani, wangoje.

Waliniitaje? Askari. Binti asiye na adabu. Mama mmoja aliniambia usoni, "Wewe utazaa watoto wasiosalimia." Baba Joshua akaniita pembeni, "Dada, watu wanasema namficha mama yangu." Nikamwambia waseme, masikio hayapaliwi.

Lakini aliyenishinda alikuwa bibi mwenyewe. Hakula. Kijiko kinafika, midomo imebanwa. Mazoezi hataki, kigelegele hataki. Nikamuuliza, nikakasirika, nikamuuliza tena kwa upole.

"Asiyeamkiwa," akasema, "amezikwa."

Nikaweka kijiko chini. Mimi nilikuwa nalinda koo, yeye alikuwa analilia nafasi yake duniani. Kila anayepita uani bila kumwamkia alikuwa anamtupia udongo.

Nikamweleza Rehema alipokuja. Rehema alisikiliza akiwa anachezea kijiko. Kisha akamuuliza bibi, si mimi, "Bibi, ulipokuwa unapiga ngoma, mwenzako akitaka kuingia na wimbo kabla ya wakati, ulikuwa unafanyaje?"

Bibi akainua mkono wa kulia, kiganja wazi. Ngoja.

"Basi," akasema Rehema.

Huo ndio ukawa mkazo wa mazoezi yetu yote yaliyobaki. Tulianza bila chakula, mate tu. Mimi natoka nje, naingia kama mgeni, napinda goti, "Shikamoo, Bibi!" Yeye anainua kiganja. Anashusha kidevu. Anameza. Anameza tena. "Aaa." Ikitoka kavu, anashusha mkono, anajibu. Mara za mwanzo kinywa kilimtangulia mkono, miaka yote ile ya kujibu haiondoki kwa asubuhi moja. Nikawa namvizia. Namwamkia akiwa hajategemea, nikitokea jikoni, nikitokea dirishani. Mjukuu wake Joshua akirudi shule naye anamvizia. Bibi akaanza kufurahia mchezo. Akawa anatuweka tumesimama magoti yamepinda, mkono wake uko hewani, anameza taratibu kama malkia, sisi tunaumia mapaja.

"Bibi, fanya upesi, magoti!"

Anameza mara ya tatu isiyohitajika, kwa uchokozi tu. Ndipo, "Marahaba, wajukuu."

Akarudia kula. Uji mzito, kisha viazi vilivyopondwa, vyote chini ya jicho la Rehema.

Siku ya kipimo tukaenda wote. Chumba kidogo, Rehema na kijiko, Baba Joshua kasimama ukutani kama mtoto anayesubiri matokeo, mkewe anasali midomo ikicheza. Mimi nimeambiwa nikae mbali nisiguse kitu. Rehema alianza na uji mzito. Sawa. Akaongeza. Sawa. Kisha akatoa kibakuli tulichokuja nacho kutoka nyumbani: ugali laini wa uwele na mlenda. Bibi alikitazama kama mtu anayemtazama mwanawe aliyerudi safari. Akachukua tonge dogo mwenyewe, kwa mkono wake, akatia mdomoni, akaanza kutafuna.

Mlango ukafunguka. Daktari kijana, koti jeupe, kalelewa vizuri kwao, kamwona bibi kizee, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, Bibi!"

Niliruka. Nakuapieni nilikuwa tayari hewani, mkono nimeunyoosha kumziba daktari mdomo.

Kiganja cha bibi kikawa kimeshafika juu.

Chumba kizima kikasimama. Daktari kainama nusu, mimi mguu mmoja mbele, Baba Joshua hapumui. Bibi akamaliza kutafuna. Akashusha kidevu kifuani. Akameza, kwa nguvu, kidonge kikubwa kichungu. Nikaona kikoromeo kinapanda, kinakaa juu, kinashuka. Akameza tena.

"Aaa."

Kavu! Kavu kama udongo wa Ihumwa mwezi wa kumi!

Ndipo akashusha mkono, akamtazama yule daktari.

"Marahaba, mwanangu. Siku nyingine usimwamkie mtu anayekula."

Daktari akacheka, akaomba radhi, akamgeukia Rehema. Rehema alikuwa analia huku anaitikia kwa kichwa. Mpira ulitolewa siku ile ile. Mama Joshua alipiga kigelegele pale pale hospitalini, nesi akaja kutunyamazisha, bibi akamjibu kwa cha kwake, na hakikuwa cha kuku aliyenyeshewa.

Hivyo ndivyo nilivyojua kazi hii inaishia wapi. Inaishia pale ambapo mzee hakuhitaji tena usimame mlangoni.

Jana nilikwenda kurudisha kinu, nilichokichukua siku ile nilipomaliza kumwonyesha binti kazi. Nikapita moja kwa moja hadi chumba cha babu, mtoto mgongoni, kinu mikononi. Babu amekaa wima kwenye kiti, miguu chini, taulo shingoni. Yule binti kakaa mbele yake, macho yao sawa, kijiko cha chai mkononi, uji umesimama mzito. Nikafurahi mno. Nikafungua kinywa changu, mimi mstaafu, mimi Askari wa Ihumwa:

"Shika..."

Binti hakugeuka hata. Aliinua kiganja nyuma yake, akanizuia.

Nikasimama pale mlangoni na kinu kizito kikinikata vidole, goti limepinda, mpaka babu alipomeza.